Kasa wa Mtaa wa Narung'ombe

Kasa hapumui kama watu wanavyodhani. Anakaa kimya mpaka unasema amekufa huyu, halafu anashusha pumzi moja ndefu, nzito, kama mzee aliyefika juu ya ngazi. Na kuta za nyumba zetu za Kariakoo, kila mtu anajua, hazifiki kwenye bati. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, chumba cha sita wanakujibu afya.

Kwa hiyo Jumapili ile asubuhi, kasa akiwa ametimiza siku nzima sakafuni kwangu, nyumba yote ilikwisha kubaliana kwamba Elieshi fundi cherehani ameficha mwanamume.

"Shoga," Zamzam aliniambia uani nilipokuwa nakinga maji, "huyo mgeni wako ana pumu?"

"Mgeni gani?"

"Haya, hakuna mgeni. Ila hiyo ndoo ya tano tangu alfajiri. Unamwogesha au unamchemsha?"

Zamzam alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa Kilwa, mwembamba, mwenye mdomo usiopumzika. Mumewe, Shomari, alikuwa mvuvi katika kijiji kimoja cha ujamaa ng'ambo ya Kigamboni. Alivuka Magogoni kila Jumamosi jioni na kurudi Jumatatu. Jumamosi ile hakuvuka. Zamzam alisema labda bahari imechafuka, akaendelea kunitania, na mimi nikacheka naye. Niliona aibu kumdanganya, lakini niliogopa zaidi.

Nieleze kasa alifikaje Narung'ombe, maana mtu wa migomba kama mimi, mzaliwa wa Marangu, nisiyejua kuogelea hata kwenye beseni, sina udugu na bahari. Tulikuwa watatu. Benjamini alikuwa mwalimu wa sayansi aliyeleta suruali zake kwangu kupunguzwa viuno, maana mwaka ule wa 1983 kila mtu alikuwa anapungua. Akawa anakaa kibarazani kuniambia habari za baharini. Kitwana alikuwa rafiki yake, mzamiaji, aliyewahi kuwinda kasa kwa miaka kumi mpaka siku moja akamkuta mmoja amekufa wavuni na mayai yakimtoka. Hakuwinda tena. Mimi nilisikiliza miezi miwili, nikacheka, nikauliza maswali, na mwisho nikajikuta nimeshika kisu ndani ya mtumbwi saa kumi na moja alfajiri, nikiwa nimejifunga madumu matupu mawili kiunoni.

Kazi yetu ilikuwa jarife. Huo ni wavu wa matundu makubwa, unategwa kwa ajili ya papa na taa, unaachwa majini mpaka asubuhi, na kasa akiingia humo hatoki, anakufa kwa kukosa hewa. Wengine waliandika barua wizarani. Benjamini aliandika nane, akajibiwa moja, kwamba barua yake imepokelewa. Baada ya hapo akasema barua basi. Tukawa tunakwenda wenyewe, tunakata.

Na tulikuwa na kanuni moja, ya Benjamini, na alikuwa mkali nayo kama sheikh na udhu: hakuna kuacha hata uzi. Wavu uliokatwa ukiachwa majini hauachi kuvua, alisema. Unaelea peke yake, unaua miaka na miaka, na hakuna anayekula. Kwa hiyo tulikata, tukavuta wote ndani ya mtumbwi, na maboya yake, na mawe yake, tukaenda kuuchoma pwani. Nilijivunia kanuni hiyo. Nilijiona safi kuliko watu wote wa Dar es Salaam.

Jumamosi ile tulimkuta kasa jike, mzima, mkubwa kama meza ya chai, amejisokota kwenye jarife mpaka uzi umemwingia kwenye nyama ya pezi la mbele. Tulipokuwa tunamkata, tukasikia mashine ya boti upande wa kijijini. Kumwachia na ule uzi ni kumzamisha. Tukampandisha. Sijui tulimpandishaje, hofu ina nguvu za watu kumi. Wavu tukauteremsha kwenye fungu la mchanga, Kitwana akauchoma wote pale pale, na boti ile ilipozidi kuzunguka upande wetu hatukuthubutu kurudi majini. Tukaenda na maji mpaka Magogoni, tukatokea katikati ya zogo la mnada wa samaki, kasa akiwa amefunikwa magunia mabichi. Hapo tukakodi mkokoteni.

"Cherehani," nilimwambia msukuma mkokoteni alipouliza mzigo gani. "Ya miguu. Kichwa na meza yake."

Huo ndio ulikuwa ujinga wangu. Mwaka ule sabuni yenyewe unaipata kwa foleni na kadi, halafu mimi napita Kariakoo mchana kweupe na cherehani mpya! Waliotuona tukiishusha walinipa hongera. Hongera hiyo ikatembea mtaa mzima, na mwisho wa safari yake ikafika kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Rajabu.

Mpango ulikuwa mwepesi. Kitwana na Benjamini watafute gari lenye petroli, wamchukue kasa Jumapili asubuhi, wampeleke ufukwe wa mbali kaskazini ambako hakuna nyavu, wamtoe uzi taratibu, aende zake. Ilibidi iwe kabla ya saa nane mchana, maana Jumapili baada ya saa nane magari ya watu binafsi hayaruhusiwi barabarani. Saa nne gari lingekuwa mlangoni.

Saa tatu mgambo wakafunga mtaa.

Walisimama huku na huku, na marungu, na kamba iliyofungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Mtu anaingia, mzigo hautoki. Msako wa wahujumu uchumi. Tulikwisha usikia umepita mitaa mingine. Watu walikuwa wanatupa sukari chooni na vitenge bondeni Jangwani, wengine wakatupa hata vya halali kwa woga. Nilichungulia dirishani nikaona kofia ya Mzee Rajabu inaingia nyumba ya kwanza. Yetu ilikuwa ya nne.

Nilirudi nikakaa sakafuni karibu na kasa. Chumba chenyewe hatua tano kwa nne: kitanda, cherehani yangu ile ya zamani, na yeye katikati. Alikuwa ameacha kujisukuma ukutani. Macho yake yalikuwa yanatoa machozi mazito ya utelezi. Benjamini alishaniambia ni chumvi tu, kasa halii, lakini Benjamini hakulala naye chumba kimoja. Kwenye pezi, ule uzi ulikuwa bado umezama, na pembeni unaning'inia kipande cha boya. Lilikuwa limechongwa kutoka kandambili kuukuu ya buluu, ndogo, ya mtoto. Nilikuwa nimeliona tangu jana bila kulitilia maanani.

Mlango wa nyumba ukagongwa. Nikatoka ukumbini nikavuta mlango wangu nyuma yangu, nikauegemea.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba, fundi. Nasikia una cherehani mpya." Mzee Rajabu alikuwa mtu wa taratibu, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. "Nitakuja kwako. Kwanza nina neno na Zamzam."

Zamzam alikuwa amesimama mlangoni kwake na mwanawe mdogo kiunoni. Balozi alivua kofia, na alipovua kofia tu nikajua ni habari mbaya.

"Mwanangu, mumeo yuko kituoni tangu jana mchana."

"Kafanya nini?"

"Wavu wa kijiji haupo. Jarife lile la serikali, pisi nne nzima. Yeye si ndiye mtunza vifaa? Ameulizwa wavu uko wapi, anasema aliutega Ijumaa, asubuhi hakuukuta."

"Basi umeibwa! Au umechukuliwa na maji!"

"Maji yanachukua wavu, yanaacha hata boya moja? Yanachukua na mawe?" Balozi alisema kwa huzuni kabisa, hakuwa mtu mbaya. "Zamzam, papa akipasua wavu, kuna matambara. Wakikata wahuni, kuna vipande. Pale hakuna hata uzi. Wanasema wavu umekunjwa vizuri ukauzwa. Nyavu za nailoni sasa hivi zina bei ya dhahabu. Ni mali ya umma, mwanangu, na hawa wanaopatikana na mali ya umma... unajua wanavyopelekwa."

Hakuna hata uzi.

Nilishika kitasa. Ile kanuni yetu, usafi wetu wote ule, ndiyo iliyomfunga Shomari. Tungekuwa wahuni wa kawaida, tungekata na kuacha matambara yakielea, mtu huyu jana angekuwa amekula nyumbani kwake. Na sikuwa nimewahi kuuliza zile nyavu ni za nani. Miezi minne nakata nyavu za ng'ambo ya Kigamboni, naishi ukuta kwa ukuta na mke wa mvuvi wa ng'ambo ya Kigamboni, na sikuuliza. Niliogopa kujua, huo ndio ukweli wake.

Mgambo wakapekua chumba cha Zamzam. Walipindua godoro, wakamwaga pamba, wakafungua hata kopo la mchele lenye vikombe viwili. Hawakupata fedha kwa sababu hazikuwapo. Zamzam hakulia. Alisimama tu, na alipoongea alisema polepole, "Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo," na mtoto akamshika mdomo.

Balozi akanitazama. "Fundi, kwako nitarudi baada ya adhuhuri. Nikamalize nyumba ya tano." Akamwacha mgambo mmoja mlango wa mbele.

Zamzam alinifuata uani, na daftari la mtoto mkononi.

"Shoga, wewe umesoma. Niandikie barua. Waambie Shomari hajawahi kuiba hata ndoano. Wewe unamjua, waambie kama mtu unayemjua."

Nikachukua kalamu. Niliandika "Ndugu Mkuu wa Kituo" na mkono ukagoma. Aliniangalia kwa matumaini makubwa sana, mtu yule ambaye asubuhi alikuwa ananitania habari za pumu. Nikamrudishia daftari nikatoka mbio, nikampita mgambo nikimwambia namfuata balozi, nikamkuta Mzee Rajabu kibarazani nyumba ya tano.

"Balozi, wavu ule niliukata mimi."

Alivua miwani. "Nini?"

"Nilikwenda na mtumbwi. Tuliukata, tukautoa wote, tukauchoma."

"Wewe na nani?"

"Na watu."

"Mkauza wapi?"

"Hatukuuza. Tulichoma."

"Mlichoma wavu wa nailoni. Mwaka huu." Alivuta pumzi. "Kwa faida gani?"

"Kasa walikuwa wanakufa."

Mgambo wawili waliokuwa naye walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mzee Rajabu hakucheka. Alinishika mkono, akanisogeza pembeni, akashusha sauti.

"Binti yangu, wewe mtu wa Kilimanjaro, unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Sasa sikiliza. Nyumba yenu kuta zake fupi. Nimekwisha sikia kuna mwanamume anahema chumbani kwako tangu jana. Sikujua ni nani, na Shomari yuko ndani, kwa hiyo si yeye wa leo. Lakini mwanamke hajitoi mhanga hivi kwa mume wa mtu bure. Usimwongezee mkewe aibu juu ya msiba. Rudi nyumbani."

Nilibaki nimesimama juani. Ukweli nimeusema wote, kwa Kiswahili, mbele ya mashahidi, na umegeuka kuwa uzinzi. Hakuna mtu Dar es Salaam nzima ambaye angeamini kwamba binadamu, katika dhiki ile, anaharibu mali kwa ajili ya mnyama asiyemla. Nilitamani kupiga kelele. Nilirudi.

Uani, juu ya ukuta wa nyuma unaopakana na nyumba ya mtaa wa pili, kichwa cha Kitwana kilikuwa kimechomoza.

"Elieshi! Upesi. Mtaa huu wa nyuma hawajaufunga. Pikapu iko hapa, nimeongea na hawa jirani, kuna mbao, tunampitisha juu ya ukuta. Watu wanne ninao. Saa saba hii, tuna saa moja tu."

"Shomari amekamatwa. Wanasema kauza wavu."

"Nani Shomari?"

"Mume wa jirani yangu! Mtunza wavu!"

Kitwana alikuwa mtu mwema, na nikaona neno linampita usoni, akalimeza. "Atatoka," alisema. "Hawana ushahidi."

"Hapo ndipo walipomshikia, Kitwana. Kwamba hakuna ushahidi. Hatukuacha hata uzi."

"Tutafikiria. Benjamini ataandika barua. Lakini huyu ana mayai, na hayumo baharini tangu jana. Mtu anaweza kungoja kidogo. Yeye hawezi."

Na alikuwa anasema kweli. Ndani kulikuwa na kiumbe kisicho na kosa, mlango wake wa kutokea uko wazi, hatua ishirini tu. Na kituoni kulikuwa na mtu asiye na kosa, na ufunguo wake wa kutokea ni ule uzi uliozama kwenye nyama ya yule wa kwanza. Akienda mmoja, mwingine anabaki. Nilitazama ukuta, nikatazama mlango wa ukumbi, nikasikia kasa akishusha ile pumzi yake.

"Mchukue, ila ukate uzi uniachie," nilisema.

"Uzi mtupu? Watasema umeuokota Magogoni."

Nilijua. Nilikuwa natafuta tu mtu wa kunidanganya, na Kitwana hakuwa na wakati huo.

"Nenda," nikamwambia. "Na usiseme jina langu, mimi sitasema lako."

"Elieshi, usifanye hivyo. Miaka kumi nimewaua hawa. Usinifanyie hivyo."

Niliingia ndani. Zamzam alikuwa ukumbini, amekaa chini, amelishika daftari lake kifuani. Nilifungua mlango wangu wazi wote, mpaka ukagonga ukuta, nikavuta magunia niliyomfunikia kasa.

Zamzam alisimama taratibu. Mtu wa Kilwa, kasa si kitu kigeni kwake. Alimzunguka, akachuchumaa, akagusa pezi. Halafu akaona kile kipande cha buluu. Alikishika kwa vidole viwili.

"Kandambili ya Mwajabu wangu," alisema. "Shomari aliichonga hapa hapa, uani. Mtoto alilia siku nzima." Akaninyanyulia uso. Sikuwahi kutazamwa vile maishani mwangu na natumaini sitatazamwa tena. "Kumbe ni wewe, Elieshi?"

"Ni mimi."

Nilidhani atanipiga. Alipita mbele yangu akaenda mpaka mlango wa barabarani na kuita, kwa sauti iliyofika kwenye kamba za mgambo pande zote mbili: "Balozi! Balozi, njoo uone huyo mwanamume!"

Walimtoa kwa mkokoteni ule ule. Mtaa mzima ulisimama kutazama kielelezo kikipita na mimi nyuma yake. Mzee Rajabu alitembea kando yangu, amechanganyikiwa kabisa. Mara mbili aliniuliza, kwa upole, kama nina ugonjwa wa kichwa. Kituoni niliwaonyesha jinsi tulivyokata, nikawaeleza fungu la mchanga tulipochomea, wakapeleka mtu, akarudi na mabonge meusi ya nailoni. Walinipiga kidogo kwa ajili ya majina ya wenzangu. Sikuyatoa. Kasa walimweka uani kwa polisi, kwenye saruji, juani, wamempindua mgongo chini ili asiondoke, mpaka nilipopelekwa mahabusu nikaacha kumwona.

Niliomba kila askari aliyepita amrudishe majini. Nililia, nikapiga magoti. Mmoja alinijibu kwamba kielelezo hakirudi nyumbani kabla ya kesi.

Siku ya tatu, mchana, waliniita kwamba nina mgeni. Mahabusu analishwa na ndugu zake, na mimi ndugu zangu wako mlimani, kwa hiyo nilikuwa sijala kitu cha moto tangu Jumapili. Alikuwa Zamzam. Amevaa kanga safi. Nje ya uzio nilimwona Shomari, amekonda, amesimama na mtoto begani, hanitazami.

Alinisukumia bakuli la bati lililofungwa kitambaa.

"Wamemwachia juzi jioni," alisema.

"Alhamdulillah," nilisema, mimi Mlutheri.

"Ndiyo." Alifungua kitambaa yeye mwenyewe, polepole. Mvuke ukatoka, na harufu ya nazi na pilipili manga. Nyama ilikuwa na mafuta ya kijani pembeni. "Kasa alikuwa anakufa, mkuu wa kituo akasema nyama isiharibike. Wamebakiza uzi na boya, wameweka kwenye bahasha. Balozi akamchinja, akagawa nyumba zote kumi. Mayai yalikuwa mengi sana, Elieshi, watoto wote wamekula. Na hili ni fungu lako. Nilimwambia balozi, yeye naye ni wa nyumba ile."

Nilimtazama usoni nitafute kisasi. Hakikuwepo, au kama kilikuwepo kilikuwa kimechanganyika na huruma mpaka yeye mwenyewe asingeweza kuvitenga. Alikuwa amelipika vizuri. Alikuwa ametembea nalo kutoka Narung'ombe kwa miguu, juani, huku nyumbani kwake kuna watoto ambao wangelimaliza na kulamba bakuli.

"Kula," alisema. "Lina moto bado."

Nikala. Nilikula nalia, kwa mikono yote miwili, na Zamzam akakaa akinisubiri nimalize achukue bakuli lake. Mungu anisamehe, ilikuwa tamu.